Jamaa Iliyovunjwa, Jamaa Iliyojengwa Tena

Wakatekumeni wapenzi, Amri ya Nne yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Amri hii hufundishwa mapema, na hata mtoto mdogo huielewa upesi: awasikilize wazazi wake, awasaidie kazi za shamba, awatunze watakapozeeka. Lakini liko ulizo moja ambalo watu hawalitaji mara nyingi, na pengine limo moyoni mwa mmoja wenu. Mtu ambaye wazazi wake wameuawa, ambaye hana kaburi la kupalilia wala nyumba ya kurudia, ataishikaje amri hiyo?

Fundisho hili lajibu ulizo hilo kwa habari ya kweli. Ni habari ya Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes, na hasa ya mmoja wao, jina lake Sami Modiano. Habari yao yaanza mbali, katika bahari iliyo kati ya Ulaya na Afrika, lakini yapita katika Katanga. Nanyi mwajua kwamba Kirungu ilikuwa sehemu ya Katanga mpaka mwaka 2015, jimbo letu la Tanganyika lilipowekwa peke yake. Kwa hiyo si habari ya watu wageni kabisa.

1. Watu wa Rhodes

Kisiwa cha Rhodes chatajwa katika Biblia kwa jina la Rodo. Mtume Paulo alipita huko katika safari yake ya kwenda Yeruzalemu, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 21. Wayahudi walikaa kisiwani tangu zamani. Wengi wa wale tunaowasimulia walikuwa wajukuu wa watu waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 kwa sababu ya dini yao. Walipofukuzwa waliacha nyumba na mali, lakini lugha hawakuiacha. Miaka 400 na zaidi baadaye, akina mama wa Rhodes walikuwa wakiwabembeleza watoto wao kwa Kihispania cha kale. Sinagogi lao, liitwalo Kahal Shalom, lilijengwa mwaka 1577, na lasimama hata leo.

Kisiwa kilikuwa cha Waturuki. Mwaka 1912 Waitalia wakakitwaa. Kazi ilikuwa haba, na vijana wengi wakaondoka kwenda kutafuta maisha ng'ambo: wengine Marekani, wengine Rhodesia, wengine Kongo. Mwaka 1910 reli itokayo kusini ilikuwa imefika Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Wayahudi wa Rhodes wakafungua maduka huko, wakaitana ndugu kwa ndugu. Wakajenga sinagogi, na mwaka 1937 akawafikia rabi wao, Moïse Levy, aliyewaongoza kwa zaidi ya miaka 50.

Angalieni jambo hili. Wale waliotoka nyumbani kwa ajili ya umaskini hawakujua ya kuwa safari yao ingekuwa siku moja daraja la kuwavusha wenzao.

2. Ubaya ulianza darasani

Sami Modiano alizaliwa Rhodes tarehe 18 Julai 1930. Baba yake aliitwa Giacobbe, mama yake Diana. Dada yake mkubwa, Lucia, alimpenda mno.

Mwaka 1938 serikali ya Italia, iliyoongozwa na Mussolini, rafiki wa Hitler, ilitunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Sami alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, tena mwenye bidii. Siku moja mwalimu akamwita mbele. Mtoto alidhani ataulizwa somo. Kumbe aliitwa ili aambiwe kwamba amefukuzwa. Akauliza amekosa nini. Hakuwa amekosa neno lo lote. Amezaliwa Myahudi, basi.

Mauaji makubwa hayaanzi kwa bunduki. Huanza kwa kuandika majina ya watu wa kabila fulani katika daftari, kwa kuwanyima kazi, kwa kumtoa mtoto mmoja darasani huku wenzake wakinyamaza. Asubuhi ile hakuna aliyekufa. Hata hivyo njia ya mauti ilikuwa imekwisha kufunguliwa.

3. Safari ya mauti

Mwezi wa Septemba 1943 askari wa Ujerumani waliishika Rhodes. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, wakawaita wanaume wote wa Kiyahudi wafike mahali pamoja. Kisha wakawaita wanawake na watoto. Konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, ambaye alikuwa Mwislamu, alisimama mbele ya wakubwa wa jeshi, akadai kwamba baadhi ya watu wale ni wa serikali yake. Kwa njia hiyo akawaokoa watu wapatao 40 na zaidi. Mkumbukeni mtu huyo. Wale hawakuwa ndugu zake kwa damu wala kwa dini.

Wengine, karibu watu 1,700, walipandishwa katika vyombo vya mizigo tarehe 23 Julai 1944. Kulikuwa na joto kali, maji yalikuwa machache, na wako waliokufa njiani. Walipofika Ugiriki walifungiwa katika mabehewa ya gari la moshi, nalo likawapeleka mpaka Auschwitz, katika nchi ya Poland. Walifika tarehe 16 Agosti. Hiyo ilikuwa kambi kubwa ya mauaji. Katika miaka ya vita ile Wanazi waliwaua Wayahudi wapata milioni 6 katika Ulaya, na katika Auschwitz peke yake karibu milioni 1.

Wazee, wagonjwa, na akina mama wenye watoto wachanga waliuawa kwa hewa ya sumu mara walipofika. Wenye nguvu waliachwa kwanza wafanye kazi. Katika watu wote wa Rhodes waliopelekwa, waliosalimika ni kama 150 tu.

Mama yake Sami alikuwa amekwisha kufariki kwa ugonjwa kabla ya hayo. Sami alikuwa na miaka 14. Yeye na baba yake walichorwa namba mkononi, nazo zilifuatana: ya baba kwanza, ya mwana baada yake. Lucia aliwekwa upande wa wanawake, ng'ambo ya waya zilizotiwa umeme.

4. Mkate uliorudi

Katika kambi ile mtu alipewa kipande kidogo cha mkate na maji yaliyoitwa supu. Mwenye kukosa kipande kile alikuwa amekaribia kufa. Sami alikuwa akienda karibu na waya ili amtafute dada yake, nao walipoonana kwa mbali walipungiana mikono. Siku moja akaweka akiba ya mkate wake, akaufunga katika kitambaa, akamtupia Lucia juu ya waya. Lucia akaokota, akafungua, akaona. Kisha akaongeza kipande chake mwenyewe, akafunga tena, akamrudishia mdogo wake.

Wakatekumeni wapenzi, fikirini tendo hilo. Wakubwa wa kambi walikuwa wamewaondolea watu majina, nywele, nguo na nyumba, wapate kuwageuza kuwa namba tu. Lakini dada alibaki dada. Jamaa ilikuwa imevunjwa, na hapo hapo, juu ya waya, ilikuwa bado hai.

Baadaye Lucia hakuonekana tena. Baba alipotambua ya kuwa binti yake amekufa, moyo wake ulivunjika. Alimwagiza mwanawe avumilie na kushika uhai, kisha akajipeleka mahali pa wagonjwa, akijua kwamba wengi waliokwenda huko hawakurudi. Tarehe 27 Januari 1945 askari wa Urusi walipoifungua kambi, Sami alikuwa hai, lakini alikuwa peke yake.

5. Kutoka Italia mpaka Kongo

Watu hudhani kwamba mfungwa akifunguliwa taabu yake imekwisha. Sivyo. Kwa Wayahudi wa Rhodes taabu nyingine ilianza: warudi wapi? Mtaa wao kisiwani ulikuwa hauna watu. Hapakuwa na baba wa kumpokea mwana, wala shangazi wa kumpikia, wala mzee wa kumtafutia mchumba. Sami alifika Italia, akakaa Roma, akafanya kazi.

Hapo ndipo lile daraja tulilolitaja lilipoonekana. Wayahudi wa Rhodes waliokuwa Kongo nao walikuwa katika msiba mkubwa, kwani vita vilipokwisha walipata habari kwamba wazazi na ndugu waliowaacha kisiwani wameuawa. Baadhi ya waliosalimika wakaja kwao. Sami naye, akiwa bado kijana, akasafiri mpaka Kongo ya Wabelgiji. Huko alikuta watu wanaosema lugha ya mama yake, wanaopika vyakula alivyovijua, na wanaokumbuka majina ya jamaa zake. Hawakuweza kumrudishia Lucia. Waliweza kumpa mahali ambapo jina la Lucia lajulikana. Alifanya kazi, akamwoa Selma, nao wakajenga nyumba.

Wayahudi wa Rhodes wana desturi inayofanana na za wazee wetu: mtoto hupewa jina la babu yake au la bibi yake. Kwa desturi hiyo majina ya wale ambao Wanazi walitaka wasitajwe tena yaliweza kuitwa mchana kweupe, mama akimwita mtoto wake aje ale.

Lakini fundisho la kweli halifichi neno. Kongo ya wakati ule nayo ilikuwa na ubaguzi wake. Mjini Elisabethville Wazungu walikuwa na mitaa yao, Waafrika walikuwa na mitaa yao, na sheria haikuwatazama sawasawa. Mtu aliyefukuzwa shule kwa ajili ya kabila yake alifika katika nchi ambamo mtoto mweusi hakuruhusiwa kukaa katika mtaa wa Wazungu. Twasema haya tupate kujua kwamba ubaguzi hauna kabila moja wala nchi moja. Yatupasa kuukataa hata pale unapotupa sisi nafasi iliyo nzuri.

6. Kuhama tena

Uhuru wa Kongo ulitangazwa tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai mwaka ule ule Katanga ikajitenga, na vita na machafuko yakaendelea mpaka mwanzo wa mwaka 1963. Wayahudi wengi wa Rhodes walifunga tena mizigo yao. Wengine walikwenda Ubelgiji, wengine Afrika ya Kusini, wengine kwingineko. Sami na Selma nao, kwa sababu ya machafuko ya nchi, waliiacha Kongo, wakarudi Italia, wakakaa Ostia karibu na Roma.

Basi hesabuni: Rhodes, Poland, Italia, Kongo, Italia tena. Jamaa nyingi za Rhodes zimetawanyika vivyo hivyo. Kaburi la babu liko Lubumbashi, binamu yuko Cape Town, shangazi yuko Brussels, na kaburi la bibi halipo mahali po pote, kwa kuwa majivu yake yalitupwa Auschwitz. Hata hivyo wao ni jamaa. Sinagogi la Kahal Shalom halikufa. Kwa miaka mingi Sami na Selma walikwenda Rhodes wakati wa kiangazi, wakawapokea wageni mlangoni mwa sinagogi, wakawaonyesha majina ya waliouawa.

7. Kunyamaza na kusema

Kwa miaka mingi Sami alinyamaza. Alijiuliza kwa nini yeye amebaki, na Lucia hakubaki. Ulizo hilo huwatesa wengi waliosalimika katika mauaji. Mtu asidhani kwamba aliyenyamaza amesahau. Pengine hana maneno yanayotosha.

Mwaka 2005, akiwa mzee wa miaka 75, alirudi Auschwitz pamoja na wanafunzi wa Italia, akaanza kuwasimulia. Vijana walilia, naye akaona ya kuwa amepata jibu la ulizo lake: amebaki ili aseme kwa ajili ya wasioweza kusema. Mwaka 2013 habari zake zilitoka katika kitabu kwa lugha ya Kiitalia, na jina la kitabu lenyewe lasema kwamba ndiyo sababu ameishi.

8. Mambo haya yako karibu nasi

Mtu asiseme: Hayo ni ya Wazungu. Wazee wa ziwa letu wajua habari za biashara ya watumwa. Misioni za kwanza za Mpala na Kirungu ziliwapokea watoto waliokombolewa, ambao hawakujua tena njia ya kurudi kwa mama zao. Ng'ambo ya ziwa, huko Karema, alikaa Adrien Atiman. Alikamatwa akiwa mtoto karibu na mto Niger, akakombolewa katika Algeria, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Huko alimwoa Agnes Wansahira wa kabila la Wabende, akawatibu watu mpaka alipokufa mwaka 1956. Mwana wao Joseph alipata upadri mwaka 1923. Mtoto asiyekuwa na ukoo akawa mwanzo wa ukoo.

Tena ziko habari za jana tu. Katika jimbo letu la Tanganyika mapigano ya Watwa na Waluba, yaliyokuwa makali tangu mwaka 2016, yaliwaondoa watu wengi sana katika vijiji vyao. Wako watoto waliolala chini ya turubai, na wengine hawakuwaona tena wazazi wao. Ikiwa mmoja wao ameketi karibu nanyi katika mafundisho, fundisho hili ni lake kwanza.

Mkristu ana sababu moja zaidi ya kuwakumbuka Wayahudi. Bwana wetu Yezu Kristu alizaliwa kwao, Mama yake Maria ni wa taifa hilo, na Mitume vilevile. Zamani Wakristu wengi waliwachukia Wayahudi, wakisema kwamba wote wana hatia ya kifo cha Bwana. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tangazo lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikataza neno hilo, ukafundisha kwamba mateso ya Kristu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya hawa wa leo.

9. Jibu la ulizo letu

Sasa turudi kwenye Amri ya Nne. Aliyepokonywa wazazi aweza kuwaheshimu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuutunza uhai waliomwachia. Baba yake Sami hakumwomba kisasi, alimwomba avumilie. Kuoa, kulima, kulea, kucheka tena pamoja na jirani, hayo si kuwasahau wafu. Ni kuwatii.

Njia ya pili ni kuyataja majina yao, na kuwasimulia watoto habari zao bila kuongeza uwongo wala chuki.

Njia ya tatu ni kutomtendea mtu mwingine yale waliyotendewa wao. Mwenye kuwalipia wazazi wake kwa damu ya mtoto wa kabila jingine hawaheshimu. Awafanya kuwa sababu ya yatima mwingine.

Nasi ambao wazazi wetu wa hai tuna sehemu yetu. Wayahudi wa Rhodes waliokuwa Kongo walifungua mlango, wakaongeza sahani mezani. Lucia aliongeza kipande cha mkate. Yatima hahitaji maneno mengi. Ahitaji mtu wa kumwita ndugu.

Maulizo ya kufikiri

1. Ubaya waliotendewa Wayahudi wa Rhodes ulianza kwa jambo gani? Je, katika kijiji chetu liko jambo linalofanana nalo?

2. Kwa nini Lucia aliurudisha mkate, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na njaa?

3. Wayahudi wa Rhodes waliotangulia Kongo waliwasaidiaje waliosalimika?

4. Konsuli wa Uturuki aliwaokoa watu wasio wa dini yake. Twajifunza nini kwake?

5. Nani katika kitongoji chetu amepoteza jamaa yake kwa vita? Nyumba gani yaweza kumpokea mezani juma hili?

Kabla ya somo lijalo kila mkatekumeni amwendee mzee mmoja wa jamaa yake, au yatima mmoja wa kijiji, amwulize majina ya wafu wake. Ayashike kwa moyo, aje nayo, tuyataje pamoja katika sala.